Huanza Kuanguka Ikiwa Bado Mezani: Vidokezo 13 kwa Warusha Ndege za Rimoti

Kaa na watu watatu wanaorusha ndege za rimoti, agiza kahawa na kashata, kisha uliza swali moja tu: "Ipi ilikuuma zaidi?" Hutaondoka hapo kabla ya magharibi. Kila mmoja ana ndege aliyoizika. Anaikumbuka rangi yake, anaukumbuka mti, anakumbuka hata nani alikuwa amesimama karibu akicheka. Ukimsikiliza vizuri utagundua kwamba hadithi yake haianzii angani. Inaanzia mezani, au kwenye buti la gari, pale alipojiambia, "Aa, hiyo nitaiangalia baadaye."

Nina miaka tisa kwenye mchezo huu, nikirusha kwenye viwanja vya wazi nje ya Dar es Salaam. Nikizihesabu ndege zangu marehemu, zilizouawa na upepo hazifiki nusu. Nyingine niliziua mwenyewe nikiwa nimesimama chini, kwa kubana dakika mbili ambazo hata sikuwa na haja nazo. Haya ndiyo ninayotamani ningeambiwa mapema. Mengine niliambiwa, sikusikia.

1. Ndege ya kwanza isiwe ile uliyoiota

Kila anayeingia kwenye mchezo huu ana picha kichwani, na mara nyingi picha hiyo ni Spitfire au P-51 Mustang: ndege za Vita Kuu ya Pili, pua ndefu, bawa la chini, sura ya kutisha. Basi anainunua hiyo hiyo. Shida ni kwamba ndege ya kivita imeumbwa igeuke upesi. Ukiigusa inalala, na usipoirudisha haikumbuki kurudi yenyewe.

Ndege ya mwanafunzi haina sura. Bawa liko juu ya mwili, ncha zake mbili zimeinuka kidogo kama mikono ya mtu anayeomba dua, na mwili wote ni povu gumu. Lakini umbo hilo lina akili: ukichanganyikiwa ukaachia vijiti, ndege inajinyoosha yenyewe na kukusubiri. Irushe hiyo mpaka uichoke. Na kabla ya hiyo, tafuta simuleta ya kompyuta, uunganishe rimoti yako, uanguke humo mara mia kwa bei ya bando.

Mimi simuleta niliiona mchezo wa watoto. Spitfire yangu ilikaa hewani sekunde kumi na moja, ukijumlisha na zile za kushuka.

2. Kibawa kucheza si kitu. Kinacheza kuelekea wapi?

Hili ndilo kosa ninaloliona aibu kuliko yote, kwa hiyo nitalieleza polepole.

Sevo ni kile kimota kidogo ndani ya bawa kinachovuta kibawa cha pembeni juu na chini. Moja ilikuwa imekufa. Nikaibadilisha usiku, umeme umekatika, tochi ya simu nimeing'ata mdomoni. Sevo mpya ilikaa sawasawa, lakini kwa mwanga ule nikaiona kama imegeukia upande wa pili, kwa hiyo nikaingia kwenye rimoti kugeuza mwelekeo. Nilipogeuza, niligeuza vibawa vyote viwili. Asubuhi yake, Jumapili, kiwanjani, nikatikisa vijiti. Vibawa vikacheza. Nikaridhika: vinacheza!

Nikarusha. Ndege ikalala kidogo kushoto, jambo la kawaida kabisa. Nikasukuma kijiti kulia kuinyoosha. Ikazidi kulala kushoto. Nikasukuma kulia zaidi, na zaidi, mpaka kijiti kikagota. Hebu fikiria: mkono wangu mwenyewe ulikuwa unaiangusha ile ndege kwa nguvu zake zote, na kichwa changu kilikuwa kinashangilia mkono. Ilipiga chini kwa ncha ya bawa, ikabiringika kama sahani. Kijana aliyekuwa akichunga mbuzi kando ya kiwanja alikuja akachungulia, akauliza kwa adabu zote, "Anko, ilikuwa iende chini makusudi?"

Ukaguzi wenyewe ni huu. Simama nyuma ya ndege, wewe na pua yake mtazame upande mmoja. Sukuma kijiti kulia: kibawa cha bawa la kulia kipande, cha kushoto kishuke. Njia rahisi ya kukumbuka ni kwamba kijiti huegemea upande wa kibawa kilichoinuka. Vuta kijiti cha mkia kuja tumboni kwako: kibao cha mkia kipande. Usukani wa mkia uende upande ule ule wa kijiti. Sema kwa sauti, "kulia, juu", hata kama watu wanakutazama. Wanaokucheka leo watakuja kukuazima bisibisi kesho.

Na jambo la jirani yake: rimoti za siku hizi zinahifadhi ndege nyingi, kila moja na mipangilio yake. Ukiwasha ndege ya bluu huku kioo cha rimoti kinasoma jina la ndege nyekundu, unaweza kupata kioja hiki hiki. Soma jina kwanza.

3. Ipime mizani na betri ikiwa ndani

Kwa ndege nyingi za kawaida, kitovu cha uzito kinatakiwa kiangukie kati ya asilimia 25 na 33 ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Bawa lenye upana wa sentimita 20, basi ni sentimita 5 hadi 6 na nusu hivi. Weka alama mbili kwa kalamu ya wino chini ya bawa, moja kila upande, uinyanyue ndege kwa ncha za vidole viwili. Ikae sawa, au pua iinamie chini kidogo.

Pua nzito utairusha kama unaendesha lori la kokoto, lakini utarudi nayo nyumbani. Mkia mzito ni ndege ya kurushwa mara moja tu.

Wengi hupima, tena vizuri, halafu wiki ya pili wananunua betri kubwa zaidi na kuisokomeza palipo na nafasi. Au betri haikufungwa sawasawa: ndege inapaa kwa pua juu, betri inateleza kwenda nyuma, na hapo hakuna kijiti kitakachokusaidia. Bandika velkro chini, pitisha mkanda juu, chora mstari mahali betri inapoishia.

4. Rimoti huwa ya kwanza kuwashwa na ya mwisho kuzimwa

Ndege yenye betri ambayo haisikii rimoti yake ni mtoto aliyeachwa na kiberiti. Washa rimoti, hakikisha kijiti cha resi kiko chini kabisa, ndipo uchomeke betri. Unapomaliza, chomoa betri kwanza, kisha zima rimoti. Na ukiwa na kazi ya mezani, kupanga sevo au kuchezea mipangilio, vua pangaboi. Parafujo moja tu.

Nina kovu kwenye kidole cha shahada la meza ya chakula ya nyumbani kwetu. Kiwiko kiligusa kijiti. Mota ya umeme ina tabia mbaya: ikikutana na kizuizi haisimami kuuliza ni nini, inaongeza nguvu ili ipite. Pangaboi la inchi 10 lilipita. Mama watoto alinifunga kitambaa bila kusema neno, na ule ukimya uliniuma kuliko kidole.

Rimoti nyingi zina swichi unayoweza kuipa kazi ya kufunga resi kabisa. Ipe kazi hiyo leo. Na kama unaning'iniza rimoti shingoni kwa kamba, usiinamie mbele ya ndege iliyo hai.

5. Jaribu mawasiliano ukiwa chini

Zamani mchezo huu ulikuwa na ajali ya aina yake. Marekani walirushia kwenye masafa ya 72 MHz, Uingereza 35 MHz, kila mtu na chaneli yake. Wawili wakiwa kwenye chaneli moja, wa pili akiwasha rimoti tu, ndege ya wa kwanza inashuka. Ndiyo maana klabu zilikuwa na ubao wa vibanio: huna kibanio cha chaneli yako mkononi, huwashi. Mitambo ya leo ya 2.4 GHz inajitafutia nafasi yenyewe, na ubao ule umebaki hadithi ya wazee.

Ila yenyewe ina ukomo wake. Rimoti nyingi zina hali ya nguvu ndogo kwa ajili ya majaribio: iwashe, tembea kama hatua 30, tikisa vijiti, mtu akuangalizie vibawa. Kisha panga ndege ifanye nini ikipoteza mawasiliano. Jibu la kwanza ni kuzima mota. Hakikisha kwa kuvua pangaboi, kupandisha resi kidogo na kuzima rimoti. Mota ikiendelea kuzunguka, umeiokoa siku ya mtu fulani ambaye angekuwa upande wa pili wa uwanja.

6. Betri ya lipo ni moto uliokunjwa ukafungwa plastiki

Hapa sitaki utani mwingi. Seli moja ya lipo, yaani lithiamu-polima, ina volti 3.7 kwa jina, ikijaa inafika 4.2, na ikishuka chini ya 3.0 imeshaanza kufa. Betri ya seli tatu, basi, ni volti 11.1 kwenye lebo na 12.6 ikijaa. Namba hizi zijue kama unavyojua namba ya simu yako.

Makosa ya lipo ni mengi lakini yana ukoo mmoja: mtu anaiona ni betri ya kawaida. Anairusha mpaka ndege ichoke. (Weka saa kwenye rimoti ikulilie mapema, utue ukiwa na akiba.) Anaiacha imejaa kabatini mwezi mzima. (Ya kukaa ihifadhi kwenye volti 3.8 hivi kwa seli. Chaja nzuri ina kitufe cha kazi hiyo.) Anaiacha ndani ya gari mchana wa Februari, vioo vimefungwa. Anaichaji ikiwa imevimba kama andazi, akisema, "Bado inafanya kazi hii."

Langu lilikuwa hilo la mwisho, na zaidi. Betri ilianguka na ndege, ikatoka na kona iliyobonyea kidogo, kama kopo lililokanyagwa. Nikaifuta vumbi. Jioni nikaichomeka kwenye chaja, juu ya kabati la jikoni, nikaenda sebuleni kutazama mpira. Kipindi cha pili hakijaanza nikasikia mlio kama wa mtu anayefungua soda ndefu isiyokwisha. Nilipofika jikoni, moshi mweupe ulikuwa umeshuka mpaka usawa wa kifua, na betri inatema ndimi za moto kama jiko la gesi. Tulipona kwa ndoo ya mchanga iliyokuwa uani kwa ajili ya fundi wa vigae. Kabati halikupona.

Tangu siku hiyo nachaji nje, barazani, ndani ya chungu cha udongo chenye mchanga chini, na mimi nimekaa pale pale na chai yangu. Betri iliyobonyea au kuvimba siichaji tena, hata kama ni mpya, hata kama iliniuma bei.

7. Mjue mwenye anga: upepo

Pwani yetu ina bahati ya upepo wenye majina na ratiba: kusi tangu karibu Aprili hadi Septemba, kaskazi tangu karibu Novemba hadi Machi. Juu ya hayo kuna upepo wa kila siku wa kutoka baharini, ambao adhuhuri unakuwa umekwisha kuamka vizuri. Mvuvi yeyote angekuambia, kama ungemuuliza, kwamba muda mzuri ni alfajiri mpaka saa tatu. Sisi warusha ndege tunafika saa saba mchana kwa sababu Jumapili tulichelewa kuamka.

Kanuni: paa ukiuelekea upepo, tua ukiuelekea upepo, na dakika za mwanzo za betri uirushe ndege upande upepo unakotoka, si upande unakokwenda. Ndege iliyopelekwa na upepo inaonekana inakimbia vizuri sana, unafurahi, halafu unaigeuza na kugundua imesimama hewani kama tiara. Mota inalia, betri inaisha, na haisogei kuja kwako hata hatua. Yangu moja niliiona ikipita juu ya mikoko hivyo hivyo, kinyumenyume, ikiwa bado imeninyooshea pua kama inayoaga.

8. Ikikujia usoni, kulia kwake ni kushoto kwako

Kila mtu anajua hili kwa maneno. Mikono ndiyo haijui. Ndege ikija upande wako na bawa moja limeinama, sukuma kijiti kuelekea bawa lililoinama, kama unaliwekea gogo la kuliegemeza. Usifikirie kulia wala kushoto. Tafuta bawa la chini, liwekee gogo. Baada ya wiki mbili mikono inazoea.

Nusu ya makosa haya husababishwa na kutoona vizuri. Ndege nyeupe juu na nyeupe chini, kwenye mawingu meupe, ni kujitafutia balaa. Piga mistari mipana myeusi chini ya mabawa. Na jioni usiipitishe mbele ya jua hata kwa sekunde. Inapotokea upande wa pili inakuwa kivuli tu, na kivuli hakisemi kama kinakuja au kinakwenda.

9. Ardhi ikikaribia, mkono utataka kuvuta. Uzuie

Bawa hubeba kwa sababu lina mwendo. Mwendo ukipungua kupita kiasi, halibebi tena, na mara nyingi ncha moja huacha kubeba kabla ya nyingine: ndege inajipindua upande mmoja na kuanguka kichwa chini. Kona ya mwisho kabla ya kutua ndipo yalipo makaburi ya kosa hili. Mtu amepunguza resi, yuko chini, anaona uwanja unampita, anakaza kona, ndege inazama kidogo, anavuta kijiti ili ipande. Anavuta mwendo uliobaki.

Dawa yake inakataa mantiki ya macho: shusha pua, ongeza resi, nyoosha mabawa, kisha zunguka ujaribu tena. Hakuna faini ya kuzunguka. Jizoeze juu kabisa, kwenye urefu wa kukosea mara mbili na bado ukabaki na nafasi: punguza resi, vuta taratibu, uione ndege yako inavyotikisa kichwa kabla ya kuanguka. Kila ndege ina namna yake ya kukuonya, na yafaa mfahamiane mapema.

10. Mnazi una mikono mirefu kuliko unavyodhani

Jicho haliwezi kupima umbali wa kitu kidogo angani. Unaapa kwamba ndege imepita mbele ya mti, kumbe iko nyuma yake, au sawa nao. Chora mstari kichwani, mbali na miti, usiuvuke.

Ikishanasa, la kwanza ni kushusha resi, papo hapo, maana mota iliyozuiwa na makuti itaunguza waya zake. La pili, usitupe mawe. Nimeshuhudia ndege iliyotua juu ya mnazi bila mkwaruzo ikiuawa na marafiki wa mwenye ndege, kwa upendo, kwa vipande vya tofali. Mtafute mkwezi. Atakutoza, na atakuona mwehu, lakini atapanda kwa dakika moja na kuishusha ndege kwapani. Wa kwetu siku moja alishuka na madafu matatu pia, akayatoza kando.

11. Vitu vidogo vitatu, bila hadithi

Supagluu ya kawaida inakula lile povu jeupe la kufungia televisheni. Nunua ile iliyoandikwa kuwa ni salama kwa povu, au tumia gundi ya moto, na ujaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa.

Ukiagiza vipuri kutoka nje, agiza mapangaboi matano, si moja. Moja litavunjika Jumamosi ya kwanza, na mzigo unaofuata unaweza kuchukua wiki kadhaa ukizunguka bandarini na posta.

Mwewe akija kukagua ndege yako, panda juu na umwachie eneo, au utue. Yeye ana anga hilo tangu zamani, na ana kucha.

12. Uliza ruhusa, na uandike namba ya simu

Anga lina wenyewe, yaani mamlaka za usafiri wa anga. Tanzania ni TCAA, Kenya ni KCAA, na Kenya ilitoa kanuni zake za vyombo visivyo na rubani mwaka 2020. Sheria nyingi za namna hii zinamtazama mwenye droni, lakini askari aliyekukuta karibu na kambi au njia ya ndege za abiria hatakaa kupambanua droni na ndege ya povu. Uliza kabla, beba karatasi, kaa mbali na viwanja vya ndege. Ulaya ukomo wa kawaida ni mita 120 juu ya ardhi, Marekani futi 400, ambazo ni karibu sawa na hizo. Ukweli ni kwamba ndege ya mita moja ikifika juu hivyo hutaiona vizuri.

Na chini ya bawa andika jina lako la kwanza na namba ya simu kwa wino usiofutika. Ile yangu ya mikoko ilipatikana siku ya tatu. Sauti ya mtoto ilipiga: "Wewe ndiye mwenye ndege? Tunayo. Tunataka soda nne." Nilipeleka kreti.

13. Usitupe mabaki, wala usitengeneze ukiwa na hasira

Siku ya kuanguka, okota kila kipande, tia kwenye mfuko, nenda nyumbani. Usiku huo usiguse gundi. Tuliotengeneza siku hiyo hiyo ndio tunaorudi kiwanjani na bawa lililopinda na sababu ya ajali ikiwa bado imo ndani. Kesho yake mwaga vipande mezani na utafute: waya uliochomoka, sevo iliyovunjika jino, velkro iliyoachia. Utakachokikuta kiandike kwenye daftari.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Marekani, Maynard Hill, aliyetaka kuvusha ndege ya modeli juu ya bahari ya Atlantiki. Macho yake yalikuwa yamekaribia kuzima kabisa na masikio hayasikii vizuri. Ndege zake zilipewa herufi TAM na namba, na zilizotangulia hazikufika. Agosti 2003, Hill akiwa na miaka 77, TAM 5 ilirushwa kutoka Newfoundland, Kanada, ikiwa na uzito usiofika kilo 5 pamoja na mafuta yake, ikakaa hewani zaidi ya saa 38, ikatua Ireland baada ya kilomita kama 3,000. Ninachokipenda kwenye hadithi hiyo ni ile tano. Namba hiyo haizifichi zile zilizotangulia.

Mabaki ya Spitfire yangu ya sekunde kumi na moja niliyaweka kwenye boksi la viatu. Mota yake sasa iko kwenye pua ya ndege yangu ya bawa la juu, ile isiyo na sura. Kipini chake kilipinda kidogo siku ile, kwa hiyo kila nikipandisha resi bawa la kushoto linatetemeka. Kipini kipya kipo kwenye droo mwaka wa pili huu. Nitakibadilisha Jumamosi.